Paa Pekee Halifuti Machozi

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, Mlima Hanang uliwageukia watu wanaoishi miguuni pake. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, sehemu ya mlima iliyokwisha kulowa ikashindwa kujishikilia, na tope lililobeba mawe na magogo likateremka kwa kishindo hadi katika mji wa Katesh na maeneo ya jirani, Jorodom na Gendabi yakiwamo. Kwa hesabu iliyotolewa baadaye, watu 89 walipoteza maisha. Zaidi ya watu mia moja walijeruhiwa. Katika siku zile za kwanza Serikali ilieleza kwamba kaya 1,150 zenye watu wapatao 5,600 zilikuwa zimeathirika, na kwamba ekari 750 za mashamba zilikuwa zimeharibiwa. Watu waliolala wakiwa na nyumba, ng'ombe na akiba ya mahindi waliamka hawana hata kiatu.

Taifa halikukaa likitazama. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa dunia juu ya mabadiliko ya tabia nchi, alikatisha safari yake, na Desemba 7 alikuwa Hanang akiwapa pole wafiwa. Askari wetu walichimba tope kwa mikono na kwa mitambo. Madaktari na wauguzi walikesha. Wananchi wa mikoa ya mbali walichanga unga, maharage, blanketi na nguo. Maafisa ustawi wa jamii walipelekwa kukaa na waliofiwa na kuwaliwaza. Na mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, familia zilizopoteza makao yao zilikabidhiwa nyumba mpya zaidi ya 100 mahali panapoitwa Waret, zilizojengwa na Serikali pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu na wahisani wengine.

Hayo ni mambo ya kupongezwa, na sisi tunayapongeza bila kigugumizi. Nchi isiyowajali watu wake siku ya maafa haina haki ya kuwadai utii siku ya raha. Lakini pongezi zisitulevye. Kazi ya kumrudisha mtu katika maisha haimaliziki siku anapokabidhiwa funguo. Funguo hufungua mlango wa nyumba, nazo hazina uwezo wa kufungua moyo uliofungwa na majonzi. Tunasema leo, na tutarudia kusema, kwamba mtu aliyepoteza makao na jamaa zake kwa siku moja anahitaji vitu viwili kwa pamoja: paa la kumsitiri na mwenzake wa kukaa naye. Cha kwanza hujengwa na Serikali. Cha pili hujengwa na sisi wenyewe, na hakuna bajeti inayoweza kukinunua.

Ulimwengu nao umekwisha kuona kwamba mambo haya mawili ni ndugu. Kila mwaka Oktoba 10 huadhimishwa Siku ya Afya ya Akili Duniani, iliyoanza mwaka 1992. Tarehe hiyo hiyo, tangu mwaka 2010, huadhimishwa pia siku ya kuwakumbuka watu wasio na makazi. Mtu asiye na mahali pa kulala hawezi kuwa na utulivu wa akili. Na mtu aliyevunjika moyo kwa muda mrefu huweza kupoteza kazi, ndoa, shamba na hatimaye nyumba. Ni gurudumu moja. Anayetaka kulisimamisha hana budi kulishika pande zote mbili.

Tutazame kwanza maana ya makao kwa mwananchi wa Mbulu na Hanang. Mji wa mkulima au mfugaji wa huko ni zaidi ya kuta nne. Ni boma la ng'ombe, ni shamba la mahindi na maharage nyuma ya nyumba, ni njia ya mkato iendayo kisimani, ni makaburi ya wazee, ni jirani anayejua jina la kila mtoto na kila ndama. Mama akikosa chumvi anajua mlango wa kubisha. Mzee akiugua usiku, moshi usipoonekana asubuhi jikoni kwake, kuna mtu atakayeuliza kulikoni. Tope liliposomba nyumba lilisomba na ujirani huo. Waliokufa walikuwa baba na mama, lakini walikuwa pia yule jirani wa kubishiwa mlango.

Kwa hiyo familia iliyohamia katika nyumba mpya inaanza maisha miongoni mwa milango isiyoizoea. Mlango wa kulia ni mgeni, wa kushoto ni mgeni, na kila mmoja ana msiba wake moyoni. Mvua ikianza kupiga bati usiku, mtoto anaruka kitandani. Baba ananyamaza kwa kuwa amefundishwa kwamba mwanamume halii. Mama anaonekana mchangamfu mchana, na usiku anahesabu majina. Hali ya namna hii si ugonjwa wala si udhaifu. Ni jibu la kawaida la binadamu kwa jambo lisilo la kawaida. Watu wengi hupona taratibu wakiwa katikati ya wenzao. Wanaozama zaidi ni wale wanaoachwa wapambane peke yao.

Na hapo ndipo penye kasoro yetu sisi tuliobaki salama. Waswahili walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ya msiba tunajaa. Tunaleta ubani, tunachota maji, tunapika, tunalala nje penye moto. Siku tatu, siku saba, matanga yanaanuliwa, kila mtu anarudi kwake. Wiki ya pili tunampitia mfiwa haraka haraka. Mwezi wa tatu tunaanza kumshangaa: bado tu? Mwezi wa sita tunamkwepa njiani kwa kuwa hatujui la kumwambia. Ilhali wale wanaohudumia wafiwa wanafahamu kwamba wakati mgumu huanza pale pale kelele za matanga zinapokoma. Mwaka wa kwanza unapotimia, mvua za msimu ule ule zinaporejea, kidonda hufunuka upya. Siku hizo ndizo za kumbishia mtu hodi, na ndizo siku ambazo sisi huwa tumekwisha kusahau.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni anasa. Watasema, mtu aliyepoteza shamba anahitaji jembe na mbegu, wala hana nafasi ya kuzungumza juu ya moyo wake. Tunaiheshimu hoja hiyo kwa kuwa inatoka kwa watu wanaojua njaa ni nini. Lakini tunauliza: jembe litashikwa na nani? Mtu asiyelala, asiyekula, anayekaa mlangoni kutwa nzima akitazama mlima, hata ukimpa mbegu bora za Tanzania nzima hatazipanda. Mbuzi wa msaada watauzwa, na fedha zake zitaishia kwenye kilabu cha pombe. Ulevi ni mfariji mwongo: hukopesha usingizi wa usiku mmoja na kudai riba ya nyumba nzima. Anayetaka msaada wa Serikali na wa wahisani uzae matunda hana budi kuujali moyo wa anayeupokea.

Historia ya Hanang yenyewe ina funzo katika jambo hili, na historia haifichwi. Jina la Waret, ambako nyumba mpya zimejengwa, wazee wa huko walilijua miaka mingi kabla ya maafa haya. Lilikuwa jina la shamba mojawapo kati ya mashamba saba makubwa ya ngano ya Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, pamoja na Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal na Gidagamowd. Mashamba yale yalianzishwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1960 na ya 1970 kwa msaada wa Canada, na yalifikia jumla ya ekari zipatazo 100,000. Nia ilikuwa njema: taifa changa lilitaka kujitosheleza kwa mkate wake. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Familia ziliondolewa, maboma yakabomolewa, na hata makaburi ya heshima ya wazee, ambayo Wabarbaig huyaita bung'eda, mengine yalipitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu wakapata ushindi, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua.

Hatuyakumbushi haya ili kufukua magomvi. Shirika lile halipo tena, na wengi wa waliokuwa wakubwa wakati ule wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Tunayakumbusha kwa sababu yanatuonyesha kwamba mtu aweza kupewa mahali pengine pa kukaa akabaki hana makao. Aliyepokonywa njia zake, jirani zake na kaburi la baba yake alibeba msiba ambao hakuna aliyempa pole kwa ajili yake, kwa sababu katika daftari za maofisi haukuandikwa kuwa ni msiba. Yule aliyehamishwa na trekta na huyu aliyehamishwa na tope wanatofautiana kwa sababu ya kuhama kwao. Katika upweke wao hawatofautiani. Ikiwa tuliwahi kukosea kwa kuwaona watu kama mizigo inayohamishwa kutoka ghala moja kwenda jingine, basi Waret ya leo iwe mahali pa kufanya vizuri zaidi.

Baadhi ya wananchi watatuambia kwamba mila zetu zinatosha kuwatunza wenye majonzi. Ni kweli kwa sehemu. Mila zetu ni hazina, na kama hazina yoyote zina dhahabu na zina vumbi. Miongoni mwa Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, ilikuwapo zamani desturi iliyoitwa metimani. Mtu aliyepatwa na misiba ya aina fulani, kama kufiwa na mtoto, alitengwa kwa muda. Hakuruhusiwa kuingia katika nyumba za wenzake wala kuchangamana nao mpaka muda wake uishe, kwa kuwa iliaminiwa kwamba balaa yake ingewaambukiza wengine. Waliofanya hivyo hawakuwa wakatili. Waliogopa, na walitaka kuilinda jamii. Lakini tufikirie: mama amemzika mwanawe, na wakati ule ule anapohitaji mkono begani anaambiwa akae mbali.

Vivyo hivyo msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alihesabiwa kuwa hatari kwa nyumba ya wazazi wake, na wengi walilazimika kuondoka kwao. Hao ndio waliokuwa watu wasio na makao wa wakati huo. Na hapa historia inatufurahisha, maana wengi wao walipokewa na Wadatoga. Waliingia katika maboma ya wafugaji hao, wakajifungua salama, wakaolewa, na watoto wao wakawa watoto wa boma. Makabila haya mawili, ambayo mara nyingi yaligombania malisho na mashamba, yalikuwa na mlango huu mmoja uliokuwa wazi usiku na mchana. Aliyefukuzwa upande mmoja wa bonde alipata kuitwa mwanangu upande wa pili.

Wabarbaig nao walikuwa na jambo lingine la kujivunia. Wanawake wao walikuwa na baraza lao, girgwageda gademga, ambalo mwanamke aliyekosewa aliweza kupeleka shauri lake. Wanawake walikusanyika, wakasikiliza, wakaamua, na mwanamume aliyepatikana na hatia alitozwa faini ya mnyama, hata kama alikuwa na jina kubwa. Wataalamu kutoka ng'ambo waliofika Hanang zaidi ya miaka hamsini iliyopita waliandika juu ya baraza hilo kwa mshangao. Sisi hatuna sababu ya kushangaa. Bibi zetu walielewa kwamba mtu mwenye uchungu anahitaji watu wa hali yake wanaomsikiliza kwa makini, na kwamba kusikilizwa ni nusu ya kuponywa.

Kwa hiyo tuchague. Tuliache vumbi la kumtenga mwenye msiba, maana leo nalo bado lipo katika sura mpya. Tunapomnong'ona mjane kuwa ana nuksi, tunapomwita mtu aliyelemewa na mawazo mwendawazimu, tunapomwambia kijana aliyefiwa na wazazi wote wawili kwamba ajikaze kiume, tumemrudisha katika metimani bila kulitaja jina lake. Tuichukue dhahabu: mlango ulio wazi wa boma la Mdatoga na baraza la wanawake linalosikiliza.

Wenzetu wa Zimbabwe wametuonyesha jinsi dhahabu ya namna hii inavyoweza kufanyiwa kazi katika zama hizi. Mwaka 2005 maelfu kwa maelfu ya nyumba na vibanda vya maskini katika miji ya nchi ile vilibomolewa katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makao yao au riziki zao, au vyote viwili. Nchi ilikuwa na madaktari wa akili wachache mno. Daktari mmoja, Dixon Chibanda, alipewa kazi ya kusaidia katika kitongoji cha Mbare, Harare, akiwa hana jengo, hana fedha wala wauguzi wa kutosha. Alichopewa ni bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika shughuli za afya. Mwaka 2006 akaanza nao. Aliwafundisha kuketi na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, kumsaidia achague tatizo moja miongoni mwa mengi na kulitafutia njia. Bibi hao hawakutumia maneno ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Sisi husema fulani ana mawazo, na kila mtu anaelewa.

Utaratibu huo ulipopimwa kitaalamu, kwa watu 573 katika zahanati 24 za Harare, matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yaliwashangaza wasomi wa dunia. Baada ya miezi sita, miongoni mwa waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, watu wapatao 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Miongoni mwa waliokaa na wale wahudumu wa benchi, walikuwa wapatao 14 tu. Benchi la mbao na mtu mwenye masikio mema vilifanya kazi ambayo wengi walidhani yafaa kusubiri majengo na mashine. Tukumbuke kwamba Mbare ilikuwa mahali pa watu waliovunjiwa nyumba. Majirani wa Waret, Katesh na Gendabi hawana upungufu wa mbao wala wa bibi wenye busara.

Nini basi kifanyike? Tutaje mambo machache yanayowezekana.

La kwanza, mabalozi wa nyumba kumi wasimame mahali pao. Utaratibu wa nyumba kumi ulianza katika miaka ya 1960 ili uongozi uweze kubisha hodi katika kila kaya. Leo wako watu wanaodhani balozi ni wa kuandika barua ya utambulisho na kuhesabu wanachama. Balozi anayelijua shina lake anajua nani hajatoka nje siku tatu, nani ameanza kunywa asubuhi, mtoto gani ameacha shule. Ajiwekee kazi ya kuwazungukia wafiwa kwa zamu, yeye na jirani wawili, si kwa mwezi mmoja bali kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Hodi hiyo haina posho, na ndiyo maana ina thamani.

La pili, wafundishwe namna ya kusikiliza. Kufariji ni kazi yenye ufundi wake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 kwa watu wasio wataalamu wanaokutana na walioathirika na maafa, na mafundisho yake yaweza kushikwa na yeyote: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini na ana haja gani ya haraka. Sikiliza bila kumlazimisha mtu asimulie yaliyompata, maana kumchokonoa asiyekuwa tayari ni kumjeruhi mara ya pili. Muunganishe na jamaa zake, na huduma, na watu wanaoweza kumsaidia. Maneno kama "ni kazi ya Mungu, nyamaza" au "afadhali wewe, mwenzako alipoteza watoto wanne" yawekwe kando. Mfiwa hahitaji kushindanishwa na mfiwa mwenziwe. Mara nyingi kukaa kimya naye, ukimsaidia kupura mahindi, kunasema zaidi ya hotuba.

La tatu, walioathirika wenyewe wakutane. Hakuna anayemwelewa mtu aliyechimba tope akimtafuta mwanawe kama yule aliyechimba pembeni yake. Wanawake wakutane chini ya mti, vijana uwanjani, wazee mahali pao pa kawaida. Wasikutane kwa ajili ya kulia tu. Wapande miti, wafuge kuku, waanzishe akiba na mikopo midogo, na katikati ya kazi maneno yatatoka yenyewe. Wanaume wawekewe nafasi ya pekee, kwa sababu wao ndio hunyamaza mpaka siku ya hatari. Viongozi wa dini, ambao watu wa Mbulu na Hanang wanawaamini sana, wafungue makanisa na misikiti yao kwa mikutano hiyo bila kuuliza nani ni muumini wa wapi.

La nne, watoto wasisahauliwe. Shule zilizogeuzwa kambi za waathirika zilirudi kuwa shule, na watoto waliorudi madarasani walikuta madawati yaliyobaki wazi. Mwalimu anayemwona mtoto amelala darasani asikimbilie fimbo kabla ya kuuliza alilala wapi na alilalaje. Mtoto aliyepoteza wazazi na kupelekwa kwa ndugu asigeuzwe mchunga ng'ombe wa bure au mtumishi wa nyumbani. Njia ya kwenda kulala vibarazani mwa miji mikubwa huanzia katika nyumba ambamo mtoto anakula bila kupendwa.

La tano, mpangaji naye ahesabiwe. Katika maafa yoyote mwenye nyumba huonyesha kiwanja chake na msingi uliobaki. Aliyekuwa amepanga chumba kimoja na kuuza mboga gengeni hana msingi wa kuonyesha. Godoro lake, mtaji wake na chumba chake vimekwenda pamoja. Kila kamati ya maafa, katika kila wilaya, iwe na orodha ya wapangaji kama ilivyo na orodha ya wenye nyumba. Na watu wanapohamishiwa eneo jipya, wapangwe kwa kufuata ujirani wao wa zamani kadiri inavyowezekana, ili mtu akifungua dirisha aone sura anayoijua. Jambo hilo haligharimu hata mfuko mmoja wa saruji.

La sita, tujue mpaka wa uwezo wetu. Jirani hawezi kuwa daktari. Mtu ambaye baada ya wiki nyingi bado hali wala halali, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayesema kwamba hana haja ya kuendelea kuishi, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe mapema kituo cha afya. Kutoka hapo wahudumu wataona kama inafaa kumpeleka hospitali ya wilaya, au Haydom kule Mbulu, hospitali ambayo imewahudumia watu wa nyanda hizi tangu mwaka 1955. Mwenye maradhi ya akili apelekwe hospitali kama apelekwavyo mwenye malaria, wala asifungwe kamba uani. Serikali nayo, kwa upande wake, iongeze maafisa ustawi wa jamii katika kata. Afisa mmoja hawezi kufika vilima vyote vya Hanang na Mbulu hata angekuwa na miguu ya swala.

Kuna wale ambao kazi yao ni kungoja. Watasema, hii ni kazi ya Serikali, Serikali ilete wataalamu. Tumekwisha kusema Serikali ina sehemu yake, na tutaidai sehemu hiyo. Lakini Serikali haiwezi kuwa jirani ya mtu. Haiwezi kujua kwamba leo ni siku ambayo mtoto wa mama fulani angetimiza miaka kumi. Haiwezi kukaa jikoni na kukoroga uji. Tulifundishwa katika nchi hii kwamba binadamu wote ni ndugu. Fundisho hilo halikutolewa ili lipambe kuta za maofisi. Lilitolewa ili litumike usiku wa mvua, mwenzako anapoogopa kulala.

Wala haya hayawahusu watu wa Hanang peke yao. Mlima uliporomoka kule, lakini mafuriko hupiga Rufiji, moto hupiga masoko ya mijini, na kuna nyumba zinazovunjika kila siku bila tope wala moto: mjane anayefukuzwa na ndugu wa marehemu mumewe, mzee anayeachwa peke yake baada ya watoto kuhamia Dar es Salaam, kijana anayelala stendi ya Babati au Arusha kwa kuwa aliona haya kurudi kijijini mikono mitupu. Hao nao ni waathirika, japo hakuna helikopta iliyowarukia wala kiongozi aliyewapa pole. Yule kijana wa stendi ni mtoto wa mtu. Ukimwuliza jina lake umekwisha kuanza kumjengea.

Wananchi wa Mbulu na Hanang ni watu wasiokata tamaa kirahisi. Wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi, wakaifanya iwalishe. Wamevumilia ukame, magonjwa ya mifugo na kuhamishwa. Baada ya Desemba 2023 wengi wao wamepanda tena, wamejenga tena na wameoa na kuolewa tena. Tunawapongeza, na tunawaomba wasiwaache nyuma wale ambao hatua zao bado ni nzito.

Tunamalizia kwa kumwomba kila msomaji wetu jambo moja. Usingoje maadhimisho ya Desemba wala ya Oktoba. Leo hii, kabla jua halijazama, mfikirie mtu mmoja aliyefiwa au aliyepoteza makao, ambaye hujamwona tangu matanga yaanuliwe. Nenda ukabishe hodi kwake. Usiende na hotuba, wala usione haya kwa kuwa mikono yako ni mitupu. Akikuuliza umefuata nini, mwambie umekuja kukaa naye.